Kufundisha wanafunzi wa uhandisi fikra tunduizi kupitia vikundi: mwongozo kamili kwa wahadhiri na wakufunzi

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukokotoa boriti hadi desimali ya tatu na bado asiweze kukuambia kama jibu lake linaingia akilini. Kikokotoo kikimwambia boriti ya sebuleni imepinda kwenda chini mita 4, anapiga mistari miwili chini ya jibu na kufungua ukurasa mwingine. Hesabu anaijua. Hajazoea kusimama na kujiuliza: hii inawezekana kweli? Nimekubali dhana gani bila kuipima? Ni kitu gani kingenifanya nibadili jibu? Kujiuliza hivyo ndiko tunakokuita fikra tunduizi.

Wengi tunatafuta dawa kwenye kazi za vikundi, na kila mhadhiri anajua zinavyoishia. Swali lina vipengele a hadi e, wanafunzi watano wanagawana kimoja kimoja, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya mmoja anaunganisha vipande, na ukurasa wa mbele unajaa majina na namba za usajili. Hakuna aliyebishana na mwenzake. Wapo ambao hawajasoma hata sentensi moja ya kilichoandikwa chini ya majina yao. Tunawalaumu kwa uvivu, lakini sisi ndio tuliowapa swali linalogawanyika, nao wakaligawa.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo hilo. Kikundi hufikiri kinapopewa swali moja lisilogawanyika, ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti, na kila mmoja akadaiwa sababu. Yanayofuata ni namna ya kulitafuta swali hilo, kuliendesha darasani na kulitolea alama.

Hatua ya 1: Tafuta tukio ambalo wanafunzi wanaweza kulipigia hesabu

Majengo yaliyoanguka yanavutia sana kama mifano, na sisi tunayo ya kwetu. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, liliua zaidi ya watu 30. Lakini usilipeleke darasani kama huna michoro wala vipimo vyake. Wanafunzi watakwambia "mkandarasi aliiba saruji" na mjadala utaishia hapo. Hilo linaweza kuwa kweli au lisiwe kweli, ila hawana cha kulipimia, na kubahatisha hakumfundishi mtu kufikiri. Chagua tukio lililochunguzwa hadi kwenye nati na boriti.

Kwa wanaosoma mekanika ya miundo, napendelea hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani. Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, njia mbili za kupitia watu zilizoning'inia juu ya ukumbi zilianguka wakati wa dansi. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Hesabu inayoeleza chanzo chake haihitaji zaidi ya kujumlisha mizigo miwili, na bado inawakwamisha hata wanafunzi wa mwaka wa nne.

Njia hizo zilikuwa moja juu ya nyingine, zimetundikwa kwenye dari kwa fito za chuma zenye kipenyo cha milimita 32. Katika mchoro wa mwanzo, ufito mmoja mrefu ulitoka darini, ukapita ndani ya boriti ya njia ya juu, ukaendelea hadi boriti ya njia ya chini. Chini ya kila boriti palikuwa na nati. Wakati wa utengenezaji mpango ukabadilishwa: ufito mmoja utoke darini uishie kwenye boriti ya njia ya juu, na ufito wa pili uanzie kwenye boriti hiyohiyo kushuka hadi njia ya chini. Ukiitazama michoro hiyo miwili kwa haraka, inafanana.

Swali la darasani ni hili: *Badiliko hili limeongeza mzigo mahali popote? Kama ndiyo, wapi na kwa kiasi gani?* Wape majibu manne:

A. Hapana, kwa sababu uzito wa jumla ni uleule.
B. Ndiyo, kwenye ufito wa juu, karibu na dari.
C. Ndiyo, kwenye nati na boriti ya njia ya juu.
D. Ndiyo, kwenye nati ya njia ya chini.

Wengi watachagua A au B. A inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli: uzito wa jumla haujabadilika. B inavutia kwa sababu macho yanakimbilia ufito. Swali zuri hujengwa hivyo, kila jibu baya likiwa na sababu ambayo mwanafunzi mwangalifu anaweza kuitetea. Kama majibu matatu ni ya kipuuzi, hakuna atakayebishana.

Hatua ya 2: Gawa ushahidi kwenye bahasha

Usiwape wanafunzi kisa chote kwa mpigo. Wakijua mwisho wake, watarudi nyuma kutafuta maneno ya kuuhalalisha. Andaa bahasha tatu kwa kila kikundi.

Bahasha ya kwanza ina michoro miwili tu, bila jina la hoteli wala habari ya vifo. Ya pili ina sababu ya badiliko: ule ufito mrefu ungehitaji kuchongwa uzi wa skrubu kuanzia ncha ya chini mpaka kwenye boriti ya juu ili nati iweze kupandishwa, na uzi huo ungeharibika kirahisi wakati wa ujenzi. Hiyo ni sababu ya fundi, na ina mantiki. Ya tatu ina matokeo ya uchunguzi: hata ule mpango wa mwanzo ungebeba takribani asilimia 60 tu ya mzigo uliotakiwa na kanuni za ujenzi za jiji, na baada ya badiliko uwezo ulishuka hadi karibu asilimia 30.

Bahasha ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kikundi ambacho kimeshaamua kwamba fundi ndiye mkosaji kitaifungua na kugundua kwamba muundo ulikuwa dhaifu kabla fundi hajaugusa. Wanalazimika kuurudia uamuzi wao mbele ya wenzao, na mazoezi ya namna hiyo hayapatikani kwenye mitihani yetu ya kawaida.

Hatua ya 3: Unda vikundi wewe mwenyewe

Watu wanne. Wakiwa sita, wawili watakuwa watazamaji. Wakiwa wawili, mmoja atamfuata mwenzake. Usiwaache wachaguane, maana watakaa na wale waliozoea kukubaliana nao. Changanya waliopita chuo cha ufundi na waliotoka moja kwa moja kidato cha sita. Wa kwanza ameshashika spana na atakwambia nati inavyofungwa. Wa pili ana wepesi wa kuandika milinganyo. Kila mmoja anakijua kitu ambacho mwenzake hana.

Darasa lenye wasichana wachache lina mtego wake. Tukimtawanya mmoja mmoja kila kikundi tunadhani tumetenda haki, kumbe mara nyingi tumempa kila mmoja kazi ya ukatibu. Anaandika vizuri, anaambiwa aandike, na kipindi kinaisha hajasema neno kuhusu boriti. Waweke angalau wawili pamoja, na uandishi uwe wa zamu.

Vikundi vikae wiki nne au tano kabla ya kuvibadilisha. Mtu hawezi kumwambia mwenzake "hapo umekosea" siku ya kwanza waliyokutana.

Hatua ya 4: Kwanza kimya

Mpe kila mwanafunzi karatasi yake. Kwa dakika 5 hakuna kuongea. Kila mmoja aandike herufi ya jibu lake na sentensi mbili za sababu, kwa wino, kisha karatasi zikae juu ya meza mbele ya kila mtu.

Wahadhiri wengi hupaona hapa ni pa kuokoa muda wakaparuka. Usiparuke. Bila ule ukimya, anayezungumza kwanza ndiye anayeamua, na wengine watatu wanagundua ghafla kwamba "hata mimi nilikuwa nafikiria hivyohivyo". Wino unazuia hilo.

Kisha hesabu kura za darasa zima. Waambie waonyeshe vidole kifuani, kimoja kwa A, viwili kwa B, na kuendelea, ili wa nyuma wasiweze kumwigiza wa mbele. Eric Mazur, aliyeanza kufundisha fizikia kwa njia ya kura na mabishano ya jirani kwa jirani katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991, ana kanuni inayofaa sana hapa. Waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waache wajadiliane. Wakiwa chini ya 30, darasa halina mtu wa kutosha wa kulivuta, kwa hiyo rudi ubaoni ufafanue kidogo kwanza. Wakiwa zaidi ya 70, swali ni jepesi. Eleza kwa ufupi usonge mbele. Usitaje jibu sahihi wala usilionyeshe kwa uso.

Hatua ya 5: Wabishane, na wewe uzunguke

Dakika 20. Sharti ni moja: kikundi hakiruhusiwi kuamua kwa kura. Kinatakiwa kifike kwenye jibu ambalo kila mmoja anaweza kulitetea, au kiandike wazi ni wapi hasa hawakubaliani.

Waruhusu wajadili kwa Kiswahili. Mihadhara na mitihani yetu ya uhandisi ni ya Kiingereza, na kuna wenzetu wanaoona kwamba mjadala nao lazima uwe wa Kiingereza ili "wazoee". Matokeo yake ni kwamba anayeongea ni mwenye Kiingereza kizuri, si mwenye hoja nzuri. Mwanafunzi anayeweza kusema "sasa huyu wa chini si ananing'inia kwa huyu wa juu, siyo kwenye dari!" ameshalipata jibu lote. Ukimdai aliseme kwa Kiingereza kwanza, atanyamaza. Jibu la mwisho waliandike kwa Kiingereza. Hapo ndipo wanapojifunza kulivalisha lugha ya taaluma.

Ukizunguka, beba maswali usibebe majibu. Haya ndiyo ninayoyategemea zaidi:

- Chora kipande hiki peke yake. Nguvu gani zinakigusa?
- Umejuaje? Umeona kwenye mchoro au umedhani?
- Mwenzako amesema B. Rudia hoja yake kwa namna ambayo yeye mwenyewe atakubali kwamba ndivyo alivyosema.
- Ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba umekosea?

Swali la kwanza ndilo linalofungua kesi ya Hyatt. Mzigo wa njia moja kwenye tundu moja uite P. Katika mpango wa mwanzo, ufito karibu na dari unabeba 2P, lakini nati ya boriti ya juu inabeba P tu, kwa sababu mzigo wa njia ya chini unapanda ndani ya ufito bila kuigusa boriti hiyo. Baada ya badiliko, ufito karibu na dari bado unabeba 2P, kwa hiyo B imeanguka. Lakini njia ya chini sasa imening'inizwa kwenye boriti ya juu, na nati ya boriti hiyo inabeba P yake pamoja na P ya chini. Imekuwa 2P. Jibu ni C. Mwanafunzi akichora boriti ya juu peke yake ataliona mara moja. Akiendelea kuutazama muundo mzima, anaweza kubaki kwenye A hadi jioni.

Hatua ya 6: Wajaribu kwa mikono

Mabishano yasiyoishia kwenye jaribio huacha ushindi kwa mwenye sauti kubwa. Kila kikundi kipewe kamba nyembamba, vipande vinne vya boksi vya ukubwa wa kiganja na chupa nane tupu za maji za lita moja. Boksi ndiyo boriti, fundo chini yake ndiyo nati. Kila boksi lina chupa mbili, moja kila upande, ili lisiiname. Katika mpango wa kwanza kamba moja inapita maboksi yote mawili, fundo chini ya kila moja. Katika wa pili, kamba ya boksi la chini inafungwa kwenye boksi la juu, kando kidogo ya tundu la kwanza. Jaza maji kidogo kidogo, kwa kiasi kilekile kwenye kila chupa. Boksi la juu katika mpango wa pili ndilo litakaloanza kujikunja na kuchanika kwenye fundo, huku lile la mpango wa kwanza likiwa bado zima. Waambie wakadirie kabla ya kumimina, waandike, ndipo wamimine.

Ukishamaliza hapo, rudia kura, kisha fungua bahasha ya pili na ya tatu kwa dakika 10 kila moja. Swali sasa linahama kutoka kwenye nguvu kwenda kwenye wajibu: nani alipaswa kuliona hili, na kwa kufanya nini? Mwishoni waambie kwamba katika jimbo la Missouri wahandisi wawili walinyang'anywa leseni, ingawa wazo la kubadilisha fito lilitoka kwa watengenezaji wa chuma. Waliouidhinisha mchoro ndio waliowajibika. Mwanafunzi anayetarajia kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi apate kulijua hili kabla hajaanza kugonga muhuri wake.

Hatua ya 7: Wakishazoea, wape swali lisilo na jibu moja

Kesi ya Hyatt ina jibu. Kazini mara nyingi halipo, na muda haupo pia. Kwa hiyo baada ya vipindi vitatu au vinne, peleka kisa cha kuzama kwa meli ya MV Bukoba katika Ziwa Victoria. Kabla ya hapo, waulize faragha kama yupo aliyepoteza ndugu. Kanda ya Ziwa bado ina familia nyingi zenye kidonda hicho, na mwanafunzi ana haki ya kupewa kesi nyingine bila kujieleza mbele ya darasa.

Meli hiyo ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na zaidi ya watu 800 walikufa. Ilibaki ikielea kifudifudi kwa saa kadhaa huku waliokuwa ndani wakigonga. Waokoaji wakakata tundu kwenye tumbo la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, na meli ikazama.

Hapa tumia mfumo ambao mwanasaikolojia Elliot Aronson aliubuni mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas. Kila mmoja wa wanne wa kikundi anapewa ukurasa wake: hewa na ueleaji, ukataji wa chuma na joto lake, muda ambao mtu anaweza kuishi ndani ya nafasi iliyofungwa, na vifaa vinavyoweza kupatikana ziwani kwa saa chache. Wenye ukurasa mmoja kutoka vikundi vyote hukutana kwanza kuuelewa, kisha kila mmoja anarudi kuwafundisha wenzake. Swali linabaki moja kwa wote: *Mngekuwa pale na uamuzi ukawa wenu, mngeagiza nini, na mngetaka kujua nini kwanza?*

Wa ukurasa wa hewa atakuja na hesabu ya kutisha. Wakikadiria kwamba maji ndani yako mita 2 chini ya usawa wa ziwa, hewa ya ndani ina kanieneo (shinikizo) karibu kilopaskali 20 juu ya ile ya nje. Tundu la sentimita 30 kwa 30 litaitoa kwa karibu mita za ujazo 9 kila sekunde mwanzoni. Wa ukurasa wa muda atasema kungoja nako kunaua. Hakuna anayeweza kuumaliza mjadala kwa ukurasa wake peke yake. Wakatazeni kuwahukumu waokoaji wa siku ile. Walikuwa wanasikia watu wakigonga. Kazi ya kikundi ni kuorodhesha maswali ambayo yangeulizwa ndani ya dakika 10, kwa mpangilio, na kutetea mpangilio huo.

Hatua ya 8: Alama

Mwaka 1995 Anuradha Gokhale alichapisha utafiti wake kutoka Chuo Kikuu cha Western Illinois. Wanafunzi 48 walisomeshwa saketi za umeme za mfululizo na sambamba, nusu wakifanya mazoezi peke yao, nusu katika vikundi vya watu wanne. Kwenye maswali ya kukariri na kurudia, pande zote mbili zilikuwa sawa. Kwenye maswali ya kufikiri, waliokaa vikundini waliwazidi wenzao kwa kiasi cha kuonekana. Fundisho kwa mtunga mitihani ni kwamba ukitumia njia hii halafu mtihani wako ukabaki wa fomula, hutaona faida yoyote, na wanafunzi nao wataona umewapotezea muda.

Kwa hiyo badili swali la mtihani angalau moja. Wape suluhisho lililoandikwa tayari lenye kosa la dhana ndani yake, walitafute na waeleze madhara yake. Kosa la vipimo linafaa sana: mwaka 1999 chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni.

Kwa kazi ya vikundi yenyewe, alama za kikundi zisizidi asilimia 30. Zinazobaki zitoke kwenye ukurasa mmoja ambao kila mwanafunzi anauandika peke yake baada ya kipindi: nilianza na msimamo gani, ushahidi gani uliusukuma, nimebeba dhana zipi ambazo sijazipima, na hoja ipi ya mwenzangu bado sijaijibu. Aliyebadili jibu kwa sababu nzuri apate sawa na aliyekuwa sahihi tangu mwanzo. Aliyekuwa sahihi bila sababu asipate zaidi ya nusu. Watalalamika wiki ya kwanza.

Na anayewasilisha kwa niaba ya kikundi umchague wewe papo hapo, kwa kuokota namba. Wakijua kwamba yeyote anaweza kusimama, wanaanza kufundishana kabla hujawaambia.

Darasa la watu 150

Ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni hauzuii. Wawili wa mstari wa mbele wageuke, wakae na wawili wa nyuma yao, kikundi kimepatikana. Wasaidizi wawili wakizunguka nawe mnatosha. Usisahihishe kurasa 150 kila wiki. Okota 30 kwa bahati nasibu, uzisome kwa makini, na wiki inayofuata anza kipindi kwa kusoma hoja tatu kati ya hizo bila majina.

Kuhusu mtaala, usijaribu kugeuza kila mhadhara. Muhula mmoja unatosha kesi nne kama hizi, kila moja ikichukua semina ya saa mbili, na mada nyingine ziendelee kama kawaida. Kama semina ni ya saa moja, bahasha ya tatu iwekwe hadi kipindi kijacho. Wataondoka wakibishana kuelekea kantini, wakiwa na wiki nzima ya kumlaumu fundi kabla hawajaifungua.